Herufi Moja Iliyomuua Kishindo

Mmeniomba niandike mambo ya kazini kabla sijaanza kuyasahau. Mmeniomba kwa upole sana, utadhani mnataka niwaachie funguo za kabati la karatasi, lakini funguo nimeshakabidhi, kwa hiyo naandika kwa hiari yangu. Vyeo nilivyopata vilikuwa viwili na vyote vilichelewa njiani, havina hadithi. Nitawaandikia habari za mashine, za mzee aliyenifundisha kazi, na za mtu mmoja niliyemuua kwa kidole. Huyo wa mwisho hakuwa mtu wa kweli, lakini alisomewa hitima na ubwabwa ukaliwa, na wapo waliomlilia kuliko walivyowalilia wajomba zao.

Nilizaliwa Kisarawe, na kazi nilianzia Kisarawe, miaka michache baada ya Uhuru, nikiwa mpiga taipu katika ofisi moja yenye madirisha mawili na kiti kimoja kizima. Siku ya kwanza nilipewa taipureta iliyovunjika herufi R. Nikaambiwa niache nafasi, kisha R nizijaze kwa kalamu. Kwa miezi kadhaa kila barua iliyotoka pale ilikuwa na R za mkono. Siku moja akaja mzee kutoka Maneromango, jina lake Ramadhani, ameshika barua yake, akauliza kwa heshima zote kwa nini jina lake linaanza kwa herufi tofauti na za watu wengine, na kama maana yake ni kwamba ana kesi. Nikamweleza, akacheka, akaenda zake. Siku hiyo nilijifunza kwamba msomaji huziangalia herufi kuliko sisi tunaoziandika. Nilijifunza, lakini sikushika, kama mtakavyoona.

Baadaye nikahamishiwa Kibaha. Wakati huo nchi nzima ilikuwa darasani. Mama anatoka shambani, anaweka jembe mlangoni, anachukua daftari. Madarasa ya kisomo cha watu wazima yalikuwa chini ya mapaa ya makuti, kwenye maghala, kwenye baraza za watu, na wale waliokwisha kujua kuunganisha silabi walihitaji kitu cha kusoma, la sivyo wangesahau. Ndipo kikaanzishwa kijarida chetu, Soma Uone, kurasa nane, kikitoka mara moja kwa mwezi katika vyumba viwili vya bati upande wa Tumbi. Wafanyakazi tulikuwa watatu. Mkuu wetu, ambaye alikuwa mwalimu zamani na aliendelea kutusahihisha kama wanafunzi wake. Mzee Kondo, mchoraji. Na mimi, Tatu, mpiga taipu, mzungusha mashine, mpanga kurasa na mchemsha chai.

Mzee Kondo alikuwa mtu wa Mlandizi, na kabla ya kuja kwetu alikuwa akiandika mabango ya maduka. Alikuwa na mkono mtulivu na mdomo usiotulia. Ndiye aliyenifundisha kukata stensili. Ninyi vijana mmeikuta mashine mpya, kwa hiyo nitaeleza. Stensili ni karatasi laini iliyopakwa nta. Unaichomeka kwenye taipureta, unauondoa utepe wa wino, halafu unapiga, na kila herufi inatoboa nta ili wino upite hapo baadaye kwenye mashine ya kurudufu. Picha unachora kwa kalamu ya ncha ya chuma, ukikandamiza kidogo inachanika, ukiilegeza haitoki. Sasa tatizo ni hili: kwa kuwa hakuna utepe, unachopiga hukioni. Lazima uitoe stensili, uende nayo dirishani, uinue, mwanga upite, ndipo usome. Mzee Kondo aliniambia hili siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu alinikuta nimeiweka mashineni bila kuiinua, akaitoa, akaibeba mwenyewe mpaka dirishani, akanirudishia bila neno. Alikuwa hodari wa kukuaibisha kwa kunyamaza, yeye ambaye kwa mambo mengine hakunyamaza kamwe.

Kishindo alizaliwa kwenye meza yake. Mpwa wake aliyefanya kazi bandarini alikuwa amemletea kitabu cha picha cha kizungu, cha mtu mwenye nguvu za ajabu anayeruka na joho mgongoni. Mzee Kondo alikitazama siku nzima. Akasema uchoraji ni mzuri, lakini mtu anayetoka nyumbani kwake amevaa chupi juu ya suruali hawezi kukabidhiwa ghala la kijiji. Akachora wa kwake. Kishindo alikuwa mkulima wa kando ya mto Ruvu, amevaa msuli na fulana yenye tundu, na akipiga mguu chini ardhi inamtii. Maji yanatoka, nguruwe wanakimbia mihogo, lori lililozama kwenye tope linaruka. Sharti lake moja: awe pekupeku. Akivaa viatu anakuwa mtu wa kawaida tu, kama afisa. Mkuu wetu aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akaitazama miguu yake, akaipitisha.

Kisarawe nao walikuwa na kijarida chao, na mchoraji wao alikuwa Mwalimu Pazi, kijana mwembamba anayefundisha asubuhi na kuchora mchana. Yeye alikuwa na Mwanaidi, dada wa vilima vya Pugu, ambaye akiitandaza khanga yake mabegani anaruka. Naye alikuwa na sharti: siku akisema uongo, khanga inagoma. Kuna toleo moja alimdanganya shangazi yake kuhusu kikombe kilichovunjika, akalazimika kwenda kwa miguu mpaka Masaki ya Kisarawe kumwokoa mtoto aliyezingirwa na moto. Wanawake wa Kisarawe walimpenda kupita kiasi. Mimi pia, lakini nilikuwa nakula mshahara wa Kishindo, kwa hiyo nilijizuia.

Ubishi wa nani ana nguvu zaidi ulikuwepo tangu mwanzo. Vijarida vilivuka wilaya kwa njia ya ndugu na wachuuzi, na barua zikaanza kuja. Watu wa kwetu wakasema Kishindo akipiga mguu mara moja, Mwanaidi ataanguka kutoka hewani. Watu wa Kisarawe wakauliza mguu utamfikiaje mtu aliye juu. Basi mwaka mmoja karatasi zikaadimika, na tukaamriwa wilaya mbili tutoe kijarida kimoja mpaka hali itakapokuwa nzuri. Wengine waliona ni shida. Mzee Kondo na Mwalimu Pazi waliona ni harusi. Wakakubaliana Kishindo na Mwanaidi wakutane katika hadithi moja, matoleo sita, nusu ikichorwa Kibaha na nusu Kisarawe, na stensili zote zikatwe na mimi.

Sijawahi kuona watu wakikingojea kitu cha kusoma namna ile, kabla ya hapo wala baada ya hapo. Madarasa yaliyokuwa yamepungua yakajaa. Walimu waliandika kwamba wanafunzi wanafika mapema, na kwamba wanawake wanagombana nani asome kwa sauti. Kila aliyeandika alikuwa na mwisho wake. Wapigane. Waoane. Wagombane halafu waoane. Mzee mmoja wa Kwala aliomba Kishindo apewe viatu basi siku moja, apumzike, maana naye ni binadamu.

Mwisho wenyewe ulikuwa hivi. Mto Ruvu unafurika, daraja linataka kwenda, na watu wa pande zote mbili wako juu yake. Kishindo anaingia majini, analishikilia daraja kwa mgongo mpaka mtu wa mwisho anavuka, kisha maji yanamfunika. Mwanaidi anaruka juu ya mto siku tatu akimtafuta. Katika picha ya mwisho amesimama ukingoni peke yake, amejifunika uso kwa khanga, na chini yake kuna maneno mawili. Mwalimu Pazi alitaka tuchore japo mguu wa Kishindo ukitokea pembeni. Mzee Kondo alikataa kabisa. Alisema picha ikishasema, hakuna atakayesoma. Hawa watu wamehangaika na silabi mwaka mzima, na safari hii neno ndilo litakalowapa mwisho, si picha. Mwanaidi analia, lakini analia kwa furaha, na hilo utalijua ukisoma tu. Maneno mawili yalikuwa: Kishindo amekuja.

Sasa mnaopiga taipu mtanielewa. Vidole vikiwa havina kazi hukaa kwenye safu ya kati vikisubiri. Kidole cha shahada cha kushoto hukaa juu ya F. Cha kulia hukaa juu ya J. Katika lugha yetu, amekuja na amekufa vinatofautiana kwa herufi hiyo tu. Asubuhi ile nilikuwa nimejikata kidole cha kulia kwenye mbuzi ya kukunia nazi, nimekifunga kitambaa, na kidole cha kushoto kikawa kinamsaidia mwenzake. Sababu hiyo nimeitumia miaka mingi na bado ni ya kweli. Lakini kidole sicho kilichokataa kwenda dirishani. Mvua ilikuwa imetanda, dirisha lilikuwa na giza, lori la kwenda Mlandizi lilikuwa nje linapiga honi, nami hadithi nilikuwa nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba macho yangu yaliona nilichokijua. Niliipeleka stensili mashineni moja kwa moja. Nikazungusha mpaka mkono ukafa ganzi, nikakunja, nikafunga, lori likaondoka.

Wiki mbili baadaye zikaja barua. Ya kwanza ilikuwa ya darasa moja la Mlandizi. Walitupa pole kwa msiba. Walisema baada ya sala ya Ijumaa walikaa wakamsomea Kishindo hitima, mwenyekiti akatoa mchele, na wanaomba kujua kaburi liko wapi ili walifyekee. Niliisoma nikidhani ni mzaha. Kisha nikaenda kwenye kabati, nikaitoa stensili ile, maana za zamani tulikuwa tunazisafisha kwa mafuta ya taa na kuzihifadhi kati ya magazeti, nikaenda nayo dirishani. Siku hiyo jua lilikuwa kali. Nikasoma amekufa, nikakaa juu ya boksi la wino.

Barua hazikukoma. Wanawake wa Kisarawe waliandika kwamba Mwanaidi sasa yuko edani, asiruke kwa miezi minne na siku kumi, na tukimrusha kabla, wao hawasomi. Mwanamume mmoja wa hukohuko akajibu kwamba katika matoleo yote sita hakuona ndoa ikifungwa, kwa hiyo hana eda. Wanawake wakamjibu kwamba si kila kinachofanyika huchorwa. Mwingine aliuliza mguu wa Kishindo unarithiwa na nani, na kama dada zake watapata sehemu. Mtu wa Sofu aliandika kwa hasira kwamba watu wa Kisarawe wamemuua mtu wetu kwa wivu, na kwamba mpiga taipu wa ofisi yetu anajulikana anatoka wapi. Huyu aliukaribia ukweli kuliko wote, na barua yake niliificha mara mbili.

Mkuu akaniita. Alikuwa amezipanga barua mezani, nyingi. Nakala ya faili, ndiyo pekee iliyobaki ofisini, hakuipata kwa sababu nilikuwa nimeichukua, iko nyumbani kwangu chini ya godoro.

"Ndugu Tatu," akasema, "pale mwisho uliandika nini?"

"Amekuja," nikasema.

Akazitazama barua, akanitazama mimi. "Madarasa yote haya yamesoma vibaya?"

Akavua miwani, akasema basi kazi iliyo mbele yetu ni kubwa kuliko alivyodhani, na uso wake ukawa wa mtu aliyechoka ghafla. Niliiona huzuni ile. Ningeweza kuiondoa kwa neno moja. Khanga yangu, kama ingekuwa ile ya Mwanaidi, ingegoma mwaka mzima.

Aliandika tangazo kwa mkono, nami nikalichapa katika toleo lililofuata: kwamba baadhi ya wasomaji wetu wapya wamelisoma vibaya neno la mwisho la hadithi, neno ni AMEKUJA, wanashauriwa wasome polepole na kwa makini. Stensili hiyo niliiinua dirishani mara mbili. Haikuwa na kosa hata moja.

Mtauliza kwa nini watu hawakuja na nakala zao kutuonyesha. Nami nilijiuliza. Nadhani mtu aliyejifunza kusoma mwaka jana, ofisi ikimwambia macho yake yamekosea, anaiamini ofisi. Nakala za wengine zilikuwa zimeshafungia tumbaku. Barua zikapungua, kisha zikakatika kabisa, na mimi nikauita ukimya ule nafuu.

Mwezi uliofuata ikaja barua ya Mwalimu Sefu, aliyekuwa akifundisha darasa la kisomo Kwala. Ilikuwa taarifa ya kawaida ya mahudhurio. Mwishoni aliandika kwamba anashukuru kwa masahihisho, kwani mwisho wa hadithi ulisomwa mbele ya darasa na mwanafunzi wake bora, Bi Mwanahawa, mama mtu mzima, na yeye mwenyewe mwalimu alikuwa ameshangaa akisikiliza tu, nakala ikiwa mikononi mwa mama huyo. Tangu tangazo lilipotoka watu wamekuwa wakimtania mama huyo kwamba yeye ndiye aliyemuua Kishindo, na kwa aibu ameacha darasa. Hata barua za mwanawe aliye vitani, ambazo alikuwa akizisoma mwenyewe, sasa hazigusi. Lakini, akaandika Mwalimu Sefu, ni vizuri makosa yasahihishwe.

Wakati huo vijana wengi walikuwa mpakani. Sikuhitaji kuelezwa barua ya vitani ni kitu gani katika nyumba.

Nikamwambia Mzee Kondo kila kitu, tangu kidole mpaka godoro. Nilitegemea atanifokea kwa ajili ya Kishindo, maana alikuwa kama mwanawe. Aliendelea kuchonga penseli. Alipomaliza akaniambia, "Kishindo si kitu, nitachora mwingine. Yule mama utamchora upya kwa kalamu gani?"

Kesho yake niliomba ruhusa, nikaikunja stensili ndani ya gazeti, nikapanda lori lililokuwa likipeleka mbolea. Tulipovuka daraja la Ruvu nilitazama chini. Maji yalikuwa machache, ya udongo, na wanawake wawili walikuwa wakifua. Dereva aliniambia, bila kuulizwa, kwamba hapa ndipo alipozama yule jamaa. Nikamwuliza jamaa gani. Akasema, "Kishindo. Lakini wanasema alitoka. Sisi tulishamsomea." Nikashuka kwenye njia ya kuingilia Kwala, nikatembea.

Bi Mwanahawa nilimkuta uani anaanika makopa ya muhogo kwenye mkeka. Alikuwa mwanamke mrefu, umri wa mama yangu, na alivaa miwani iliyofungwa uzi. Nikapiga hodi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nilipomwambia natoka Tumbi, kwenye kijarida, akaivua miwani ile akaiweka kwenye mfuko wa gauni. Akaniambia kama nimekuja kumrudisha darasani nimechoka bure, maana macho yake siku hizi yanasoma yanavyotaka yenyewe. Aliongea kwa utulivu, akigeuza makopa moja moja.

Nikamwuliza habari za mwanawe. Akaonyesha kwa kidevu mkoba wa ukili uliotundikwa mlangoni. Bahasha ilikuwa inachungulia, haijafunguliwa. Ilikuwa na Ijumaa tatu pale. Majirani walikuwa wamejitolea kumsomea, akakataa.

"Nikisoma mimi, nitamfisha mtu aliye hai," akasema. "Akisoma mwingine, atanificha. Bora ikae."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, ya kuomba radhi vizuri, yenye mwanzo na mwisho. Yote yalinipotea. Nikaifungua stensili, nikasimama mlangoni, nikaiinua, jua likapita kwenye herufi. Nikamwomba avae miwani. Alichelewa kidogo, kisha akavaa, akasogea, akaweka kidole chini ya mstari bila kuugusa, namna walivyofundishwa. Akalisoma neno Kishindo lote kwa mara moja. Halafu akaanza silabi. A. Me. Ku. Kidole kikasimama chini ya silabi ya mwisho.

"Soma kilichoandikwa, mama," nikamwambia.

"Fa," akasema.

"Ndivyo ilivyoandikwa. Umesoma sawa, na siku ile ulisoma sawa. Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Mkubwa wangu aliponiuliza, nikasema uongo."

Aliitazama stensili muda mrefu, akaisoma tena peke yake, midomo ikicheza, mara ya pili na ya tatu, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Kisha akaenda kwenye mkoba, akaitoa bahasha, akaipasua kwa kisu cha mihogo, akakaa chini kwenye ukingo wa mkeka. Nilitaka kutoka, akaniambia nikae hapohapo.

Alisoma kwa sauti ndogo. Sikusikia yote na sikutaka kusikia. Nilimsikiliza pumzi zake tu, na kila alipokwama kwenye neno nami nilikwama. Katikati akasimama, akarudia mstari, halafu akatoa sauti ambayo sikuijua kama ni kilio au kicheko. Ilikuwa kicheko. Mwanawe, Hamisi, alikuwa anauliza kama baiskeli yake imeingizwa ndani au bado inanyeshewa.

"Inanyeshewa," Bi Mwanahawa akaiambia barua. Akaikunja, akaipanga vizuri ndani ya bahasha, akafuta macho kwa ncha ya ushungi. Ndipo akanigeukia. Akaniuliza kama watu wa darasa wanayajua haya niliyomwambia. Nikasema hapana.

"Basi twende ukawaambie."

Mkumbuke mimi nilikuja kwa siri, nikidhani nitaongea na mtu mmoja chini ya paa lake na kurudi na lori la jioni. Alinitembeza kijiji kizima, yeye mbele mimi nyuma, akisalimia kila nyumba. Darasa lilikuwa limeanza. Mwalimu Sefu akaacha kuandika ubaoni. Nikasimama mbele ya watu wazima kama arobaini, wenye madaftari mapajani, nikasema nilichokifanya, na stensili ikapita mkono kwa mkono mpaka mlangoni, kila mtu akiinua na kusoma. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilikuwa pia nimetulia, na mpaka leo sijui jinsi mambo hayo mawili yalivyokaa ndani ya mtu mmoja.

Mzee mmoja akauliza, basi Kishindo amekufa au amekuja? Darasa likachafuka. Wengine wakasema mwandishi mwenyewe amekiri, kwa hiyo yu hai. Wengine wakasema mtu aliyekwisha kusomewa hitima hawezi kurudi kudai chai. Bi Mwanahawa aliwaacha wabishane, kisha akasema imeandikwa amekufa, wao wamesoma amekufa, ubwabwa umeliwa, na jambo hilo liishe. Likaisha. Akaenda kukaa mahali pake, mstari wa mbele.

Nilirudi ofisini nikamweleza Mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nakala ya faili iko wapi, nikamwambia. Akasema ataniandikia barua ya onyo. Aliiandika kwa mkono, akanipa niichape, kwa kuwa mpiga taipu wa ofisi alikuwa mimi. Niliichapa vizuri. Kisha akaandika tangazo jipya la mistari miwili: wasomaji wetu walisoma sawasawa, sisi ndio tuliokosea. Alipolimaliza uso wake ulikuwa umerudi kama zamani, nikajua kilichokuwa kikimsumbua wiki zote zile hakikuwa Kishindo.

Barua zikafurika tena. Mtu wa Sofu alisema alijua tangu mwanzo. Mlandizi walituuliza mchele wa hitima uhesabiwe kuwa wa nini, na wao wenyewe wakajibu kwamba uhesabiwe sadaka. Mzee Kondo hakumchora Kishindo tena, aliheshimu uamuzi wa Kwala. Mwalimu Pazi naye alimkalisha Mwanaidi eda yote, miezi minne na siku kumi, akimchora anatembea kwa miguu, khanga ameikunja kwapani, na hakuna mwanamke wa Kisarawe aliyeacha kusoma. Hamisi alirudi mwaka uliofuata. Baiskeli, nimeambiwa, haikupona.

Tangu hapo kila stensili, na baadaye kila karatasi ya mashine yenu mpya, niliipeleka dirishani, na mmenicheka sana kwa hilo, hasa siku za mvua nilipokuwa natoka nayo nje chini ya mwavuli. Siku nilipokabidhi funguo mliona nikichukua bahasha moja tu kutoka kwenye droo, mkadhani ni pesa. Ilifika kutoka Kwala wiki chache baada ya safari yangu. Ndani ni karatasi ya daftari, haina salamu, haina jina, mstari mmoja wa penseli ulioandikwa polepole, na herufi moja imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Mwenye kosa amekuja.

Nimeshaiinua dirishani mara nyingi. Ni J.